Mistari Minne Chini ya Tangazo la Magodoro

Evode Mbarushimana,
Mwalimu Mstaafu,
Nengo, Gisenyi.
12 Juni 2025

Mhariri,
Gazeti la Kioo cha Kivu,
Gisenyi.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUACHWA KWA PODKASTI YANGU KATIKA HABARI YA KESI YA MAREHEMU CANSILDE UWIMANA

Natumaini wewe na wachapaji wako mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili. Kilichonishikisha kalamu ni moyo, ambao tangu wiki iliyopita haujatulia.

Katika toleo lenu lililopita, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la magodoro, mmechapa habari ya mistari minne. Nainakili yote ili tusije tukabishana: "Mahakama imemtia hatiani dereva Viateur kwa kumgonga kwa gari Cansilde Uwimana, mkulima wa Kanzenze, Machi 2023, na kumwacha barabarani. Dereva alikiri kosa. Familia inawashukuru wapelelezi na wote waliosaidia." Basi. Godoro limepewa nafasi mara nane zaidi ya marehemu, na mimi sikupewa hata nukta.

Huenda hunijui, kwa hiyo nijieleze. Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza Kasulu, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, kisha hapa Gisenyi. Kiswahili changu nilikitoa huko, na ndiyo maana majirani husema naongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari hata ninapoomba chumvi. Baada ya kustaafu nilikaa barazani miezi minne nikihesabu malori yanayokwenda mpakani. Mwezi wa tano nilianzisha podkasti, yaani kipindi cha sauti ambacho watu husikiliza kwenye simu zao, na nikakiita "Faili Halijafungwa". Kazi yake ni kutafuta haki kwa waliouawa. Studio yangu ni kabati la nguo la mke wangu Jolly. Ninaingia humo nikiwa na simu, ninafunga mlango, na mishanana yake, yale mavazi ya kujitanda ya harusini, inazuia mwangwi. Ndiyo maana katika vipindi vya mwanzo sauti yangu inasikika kama ya mtu aliyekamatwa.

Kesi yangu ya kwanza, na hadi sasa ya pekee, ni ya Mama Cansilde. Nimeitolea vipindi kumi na kimoja. Nilipoona gazeti lenu nilikuwa najiandaa kutoa cha kumi na mbili. Sasa nayaeleza malalamiko yangu kwa namba, jinsi nilivyowafundisha wanafunzi wangu.

1. Podkasti haikutajwa. Hili limeshaeleweka.

2. Binti wa marehemu alikataa kulia.

Anaitwa Niyonshuti, ana miaka ishirini na minne, na anauza vitunguu na karoti alipokuwa akiuzia mama yake. Julai 2023 nilipanda hadi Kanzenze kumhoji. Nilikwenda nimejiandaa: kalamu mbili, simu iliyojaa chaji, na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, cha kumpa pale atakaposhindwa kujizuia. Tulikaa nje ya nyumba yao, juu ya mawe meusi ya volkano, mbele ya shamba. Nikamwuliza kwa sauti ya chini niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kabatini, "Ulijisikiaje ulipopata habari?"

Akaniangalia. Akasema, "Nilisikia mubaya, mwalimu. We ungesikia namna gani?"

Nikamwomba aeleze zaidi. Alizungumza dakika kumi na mbili, na katika hizo, tisa zilikuwa za mama yake akiwa hai: jinsi alivyokuwa akipanga vitunguu, vidogo juu na vikubwa chini, ili mteja akichimba afurahi, wakati wauzaji wengine wote hufanya kinyume, jinsi alivyokuwa akimkemea mbuzi kwa Kifaransa kwa sababu, kwa maoni yake, mbuzi hakuheshimu Kinyarwanda. Mambo haya hayakuwa na taharuki yoyote ndani yake, Ndugu Mhariri. Nisingeweza kuyawekea muziki. Niliyakata yote nikabakisha ile sehemu anaposema "nilisikia mubaya", na nikaichezesha mara tatu.

Kitambaa nilirudi nacho. Nilikitumia mwenyewe njiani, kwa sababu ya vumbi.

Lakini siku hiyo aliniambia pia jambo moja kubwa. Alikuwa na kipande cha taa ya mbele ya gari, cha ukubwa wa kiganja, alichokiokota kwenye majani pale mama yake alipoangukia. Kipande kingine alikuwa amewapa wapelelezi. Hiki alikuwa akizunguka nacho kwenye gereji za mjini, moja baada ya nyingine, akiuliza kama kuna gari lililoletwa kubadilishwa taa mwezi wa tatu. Alikuwa amemaliza gereji sita. Aliniambia, "Hii usiiseme." Nikamjibu kwamba mwalimu ni kaburi. Nitalirudia hili kwenye lalamiko la nne, ingawa ningependa kuliruka.

3. Fundi Hitimana alikataa kuwa mshukiwa mzuri.

Kila msimulizi wa kesi anajua kwamba kufikia kipindi cha nne wasikilizaji wanahitaji mtu wa kumtilia shaka. Mimi sikuwa na mtu. Niliwapitia wote waliomfahamu marehemu na wote walikuwa wamempenda, jambo lililonirudisha nyuma sana. Ndipo nikasikia kwamba siku tatu kabla ya kifo chake Mama Cansilde alipeleka kitenge kwa Hitimana, fundi cherehani ambaye duka lake liko karibu na msikiti, ashonewe gauni la kuendea harusi ya kanisani. Nikaenda. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, limekamilika, na karatasi yenye jina lake imebanwa kwa pini kwenye kola.

Nilitetemeka kwa furaha. Kwa nini fundi, ambaye nguo zangu mwenyewe amezichelewesha wiki tano, amalize haraka nguo ya mteja aliyefariki? Nilimwuliza hivyo hivyo, simu ikiwa imewashwa mfukoni.

Hitimana hakuacha kukanyaga cherehani. Alisema, "Mwalimu, mama aliniletea kitambaa, akasema anataka robe. Mi nimeshona. Mutu akikufa, unaacha nguo yake katikati?"

Mtu mwenye akili angeondoka hapo akiwa ameinamisha kichwa. Mimi niliondoka nikiwa na kipindi cha nne. Nilikiita "Mtu wa Cherehani". Sikusema kwamba ni yeye. Niliuliza tu maswali. Niliuliza kwa nini alikuwa mtulivu kiasi kile. Niliuliza kama mtu asiye na hatia anaweza kuendelea kukanyaga cherehani huku akihojiwa juu ya kifo. Nikaacha kimya cha sekunde tano, ambacho nilikihesabu kwa vidole.

Kipindi hicho kilisikilizwa kuliko vyote. Wafuasi wangu walipanda kutoka thelathini na mmoja hadi mia mbili na kumi na wanne. Duka la Hitimana nalo likaanza kupungukiwa watu. Mke wake Nasrine alimweleza Jolly sokoni kwamba wanawake walikuwa wanakuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, mmoja mmoja, kila mmoja akitoa sababu tofauti: huyu ameahirisha sherehe, yule amenenepa. Kufikia Krismasi fundi alikuwa akishona mapazia tu.

Jolly alinieleza hayo tukiwa mezani. Nikasema haki ina gharama zake. Jolly alikulia Mbarara na si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Ya nani?"

Nililichukulia hilo kuwa swali la kisarufi.

Katika kipindi cha tano nilisoma maoni ya wasikilizaji. Mmoja, mfuasi namba sitini na moja, alikuwa ameandika: "Mwalimu, kazi nzuri sana. Huyo fundi hata mimi simwamini. Endelea kumchimba." Nilimshukuru kwa jina hewani. Nilisema kama jamii yetu ingekuwa na raia kumi wa aina yake, wahalifu wangekosa pa kulala. Tafadhali, Ndugu Mhariri, likumbuke jina nililomshukuru kwalo. Lilikuwa Viateur.

4. Niyonshuti alificha ushahidi, nikalazimika kuutoa.

Novemba nilikuwa nimeishiwa. Kipindi cha sita kilikuwa kimekaribia na sikuwa na jipya. Nilijaribu kutengeneza kimoja kuhusu hali ya hewa ya siku ile, kwa kuwa jiografia ni taaluma yangu, lakini Jolly alisinzia alipokuwa akikisikiliza, na Jolly hasinzii mchana. Basi nikaingia kabatini nikawasimulia wasikilizaji habari za kipande cha taa. Nikataja kwamba binti yupo gereji ya saba. Nikaongeza, kwa kujiamini, kwamba fundi mmoja wa gereji hiyo "ana daftari ambalo linaweza kusema mengi". Hilo nalo nilikuwa nimelisikia kwa Niyonshuti, siku tuliyokutana sokoni akiwa na furaha. Fundi huyo, mwanamume wa makamo aitwaye Cyusa, alikuwa ameanza kumwamini. Alikuwa amemwambia arudi Ijumaa waangalie daftari pamoja.

Ijumaa Niyonshuti alikwenda. Daftari halikuwepo. Cyusa alisema hajawahi kuwa na daftari. Mtu alikuwa amemsikilizisha kipindi changu kazini, na wenzake walikuwa wamemwuliza kama anataka kuitwa mahakamani na kuwa adui wa kila dereva mjini.

Jumamosi yake binti huyo alikuja kwangu Nengo. Nilimkaribisha kiti. Hakuketi. Alisimama barazani, viatu vyake vimejaa udongo wa Kanzenze, akasema, "Mwalimu, ile kipande ya taa nilikuambia we peke yako. Sasa yule fundi ananikimbia."

Nilimjibu kwamba umma una haki ya kujua. Nilisema kwa sauti ile ya kabatini.

Akauliza, "Umma ni nani?"

Nikamwambia, watu mia mbili na kumi na wanne.

Akasema, "Kati ya hao mia mbili, kuna mumoja alikuja kuzika mama?"

Hata mimi sikwenda kuzika. Kifo kilikuwa Machi, na mimi wakati huo nilikuwa bado nahesabu malori. Alipoondoka, Jolly alimsindikiza hadi barabarani na akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida ya kusindikiza. Aliporudi alifungua kabati, akatoa mishanana yake yote, akaipeleka chumba kingine. Vipindi vitano vilivyofuata vina mwangwi. Wasikilizaji walidhani nimehamia kanisani.

Ni kweli kwamba uchunguzi ulisimama kwa miezi minane baada ya hapo. Lakini nauliza, je, mtu akitoboa mtumbwi kwa nia njema, hastahili kutajwa katika habari ya safari? Nimeisoma tena sentensi hiyo na naona hainisaidii. Naiacha kwa sababu nimeandika kwa wino.

5. Lalamiko hili lilihusu jirani aliyenikejeli kanisani. Nimelifuta, kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

6. Uchunguzi ulifanyika kwa namna isiyofaa kusimuliwa.

Unajua Niyonshuti alifanya nini katika miezi hiyo minane? Kila Ijumaa, akitoka sokoni, alipita kwenye gereji ile na kumsalimu Cyusa. Basi. Hakuuliza tena juu ya daftari. Alimsalimu, akamwuliza hali ya watoto, wakati mwingine akamwachia karoti, akapanda zake Kanzenze. Nimejaribu kuliandika hili kama kipindi na haiwezekani. Huwezi kuwashikilia wasikilizaji kwa karoti.

Agosti 2024 Cyusa alimwita nyuma ya gereji akampa daftari lililofungwa kwenye gunia la saruji. Alimwambia kwamba mama yake mwenyewe anauza mboga kando ya barabara ile ile, na kwamba kila Ijumaa alikuwa akitamani Niyonshuti aulize ili apate sababu ya kumfukuza, na haulizi. Ndani ya daftari kulikuwa na pikapu, taa ya mbele ya kushoto, siku mbili baada ya kifo, na jina la dereva. Niyonshuti hakulifungua barabarani wala hakumpigia mtu simu. Alilipeleka kwa wapelelezi siku hiyo hiyo. Kipande chao kilipolinganishwa na masalia ya taa yaliyokuwa bado gereji, kilikaa mahali pake.

Mimi niliambiwa wiki tatu baadaye, na aliyeniambia ni muuza maandazi, ambaye hakujua jina lililoandikwa ndani.

7. Mkosaji hakutokea kama mshukiwa katika kipindi chochote kati ya kumi na kimoja.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi kitaaluma. Nilipofika mahakamani mwezi uliopita nilikuwa na orodha ya washukiwa wangu wanne, ikiongozwa na Hitimana. Akaletwa mtu mwembamba mwenye koti lililompwaya, mwenye sura ya mtu anayeomba njia apite. Likasomwa jina. Nikaona nimelisikia mahali. Nikatoa simu, nikafungua orodha ya wafuasi. Namba sitini na moja.

Alikuwa amenisikiliza tangu kipindi cha nne. Aliandika maoni yake mara nne, yote ya kunitia moyo. Mtu niliyemtafuta kwa miaka miwili alikuwa ndani ya simu yangu akiniambia niendelee kumchimba fundi cherehani, na mimi nikamwita raia wa mfano.

Niliendelea kukaa. Niyonshuti alikuwa benchi la mbele. Alivaa gauni la kitenge lililomkaa vizuri mno, na ilinichukua muda kutambua kwamba ndilo lile lililokuwa ukutani kwa Hitimana, limepunguzwa kiunoni na mabegani. Hitimana mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake, pamoja na mkewe. Hakuna aliyenidokeza juu ya gauni hilo. Ningelijua mapema lingekuwa kipindi kizima, na nadhani hiyo ndiyo sababu hakuna aliyenidokeza.

Hakimu aliuliza kama familia ina la kusema. Niyonshuti alisimama. Alizungumza Kinyarwanda, nami naitafsiri kadiri ninavyoweza. Alisema mama yake alikuwa ametoka kuuza vitunguu. Alisema watu wa kwanza kufika walimkuta bado anapumua, na kwamba mtu aliyekuwa na gari angeweza kumfikisha hospitali. Alisema, "Sikuja kutaka ateseke. Nilitaka tu aliyemwacha pale asimame mbele ya watu aseme ni mimi."

Viateur alikuwa tayari amesimama. Alishika ubao wa mbele yake kwa mikono miwili. Akasema, "Ni mimi." Kisha akasema aliona kikapu kikiruka na vitunguu vikimwagika, na kwamba amekuwa akiviona kila siku, na kwamba alipowasha simu na kusikia watu wanamtaja fundi alipata usingizi kwa mara ya kwanza.

Ukumbi ulikuwa kimya. Hakikuwa kile cha sekunde tano za vidole. Mimi nikanyoosha mkono. Sijui nilitaka kusema nini. Nadhani nilitaka kutajwa. Askari wa zamu akanijia taratibu akaniambia, "Mzee, weka simu mfukoni, ukae chini." Nikakaa. Watu wawili waligeuka kunitazama, na mmoja wao alikuwa Hitimana.

Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi fundi anavyoitazama nguo iliyokatwa vibaya na mtu mwingine, akiwaza kama kuna kitambaa cha kutosha kuirekebisha.

Ndugu Mhariri, kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, mchapishe masahihisho, ukurasa wa kwanza, pamoja na picha yangu. Ninayo moja niliyopigwa mbele ya kabati. Pili, mtumie ushawishi wenu kuwaomba wapelelezi wasimkamate mtu kabla podkasti husika haijafika mwisho, au angalau wamwarifu mtangazaji juma moja mapema ili apange muziki. Tatu, familia zinazopatwa na msiba zihimizwe kuchagua msemaji anayelia kwa urahisi. Nne, washukiwa waelimishwe kutahayari wanapoulizwa maswali, maana utulivu wa watu wasio na hatia unatupotosha sisi watafiti. Na tano, dereva Viateur aombwe, kwa njia atakayoona inafaa akiwa huko aliko, aondoe pongezi zake chini ya kipindi cha tano, kwa sababu kila nikijaribu kuziondoa mimi mkono unakataa.

Jolly ana maoni tofauti, na kwa haki nayaweka hapa. Anasema katika nchi hii watu wameketi kwenye nyasi, katika mahakama za vijijini za baada ya mauaji ya kimbari, miaka na miaka wakisikiliza ushahidi wa mambo mazito kuliko yote, na hakuna aliyeuwekea muziki chini yake. Anasema haki ilipofika ilifika kwa miguu, kutoka Kanzenze, kila Ijumaa. Nimeona niliandike tu.

Nisalimie wachapaji wote, na mpiga picha wenu, na yule mama wa mapokezi ambaye wiki iliyopita aliniambia mara tatu kwamba umetoka, huku nakuona dirishani ukinywa chai. Simlaumu. Wasalimie pia wenye kampuni ya magodoro, ambao hawana kosa lolote katika jambo hili.

Wako katika kutafuta haki, hasa yangu,

Evode Mbarushimana
Mtayarishaji, mtangazaji na mwenye kabati,
"Faili Halijafungwa"

Tanbihi: Barua hii nilimpa Jolly aisome kabla ya kuifunga, anirekebishie tahajia. Aliisoma yote barazani, akavua miwani, akasema, "Evode, mistari haikuwa minne. Ilikuwa mitano."

Kumbe siku ile Niyonshuti alipokuja ofisini kwenu kuleta habari ya hukumu, Jolly ndiye aliyemwonyesha njia, na akakaa naye hapo. Karani wenu aliandika mistari mitano kama ilivyokuwa katika karatasi za mahakama. Wa tano ulisema kwamba uchunguzi ulicheleweshwa miezi minane kwa sababu podkasti ya E. M., mkazi wa Nengo, ilitangaza ushahidi hadharani. Niyonshuti alimwomba karani aukate. Karani akamwuliza kwa nini, ilhali ni kweli. Akasema, "Mwalimu ni mutu wa hapa. Maneno kama hiyo ikitoka kwa gazeti, atapita njia gani?"

Jolly ameijua siri hiyo siku kumi, na tangu gazeti litoke amenisikiliza nikilalamika asubuhi na jioni kwamba sikutajwa.

Nilitaka kuichana barua. Jolly amekataa. Amesema niitume kama ilivyo, ili anayeomba radhi ajulikane alikuwa anasema nini saa moja kabla. Vipindi vyote kumi na kimoja nimevifuta, na leo mchana nitakwenda kwa Hitimana, kama atanifungulia.

Kwa hiyo nabadilisha ombi langu. Picha siitaki. Naomba mstari wa tano urudishwe mahali pake, na jina langu liandikwe kwa ukamilifu, si kwa herufi mbili. Na kama nafasi itabaki, ongezeni wa sita: fundi Hitimana hakuhusika kwa lolote, na duka lake, karibu na msikiti, liko wazi kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.